Naomba Uniongelee

Jumanne moja, saa tatu usiku, nilikuwa nimekaa jikoni nasubiri maharage yaive. Kitabu mkononi, chai imeshapoa. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani akaja akasimama mlangoni. Hakuingia. Alikuwa amejifunga kanga kifuani, mkono mmoja umeegemea mlango, na macho yake yalikuwa kwenye sufuria, si kwangu.

"Shikamoo, Mama Nuru."

Tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi. Nikajua kuna jambo.

"Marahaba. Vipi tena?"

"Naomba uniongelee kwa baba."

Mwanawe wa miaka minne yuko Lushoto kwa bibi yake. Homa inakuja inaondoka, wiki ya pili sasa. Alikuwa anaomba siku kumi aende akamwone, na alipwe mshahara wa mwezi ule mapema, maana nauli na dawa vyote vinamsubiri. Kwetu mshahara wake anautoa mume wangu. Tulipanga hivyo tangu alipokuja: mimi nalipa ada na umeme, yeye analipa dada. Kwa hiyo ombi lilikuwa na njia yake ya kupita, na njia yenyewe ilikuwa mimi.

Nikamwambia nitaongea naye. Akashukuru mara mbili, akaenda kulala.

Nikarudi kwenye kitabu, nikashindwa kusoma. Kurasa mbili nyuma nilikuwa nimetoka kusoma habari za wanawake waliokwenda mlangoni kwa mke wa bwana, jioni baada ya jioni, kumwomba aongee na bwana.

Hii ni wiki ya sita. Haijaniachia.

## Mnada wa kwanza

Kitabu chenyewe ni shajara ya Fanny Kemble, mwigizaji wa London aliyezaliwa 1809. Ukoo wao ulikuwa wa jukwaani kama vile kwetu kulivyo na koo za taarabu: shangazi yake alikuwa Sarah Siddons, ambaye watu walizimia ukumbini akiigiza, baba yake mkubwa alikuwa John Philip Kemble, mama yake mwigizaji, baba yake, Charles, mwigizaji na mmoja wa wenye ukumbi wa Covent Garden. Kuwa mwenye ukumbi kulikuwa na maana ya kuwa mwenye madeni.

Fanny mwenyewe hakutaka kuigiza. Alitaka kuandika.

Mwaka 1829 mama yake alirudi nyumbani akilia: kuta za ukumbi zimebandikwa matangazo kwamba mali itauzwa. Wazazi wakatazamana, kisha wakamtazama binti. Alikuwa na miaka 19, hajawahi kusimama mbele ya watu waliolipa kiingilio, na uso wake ulikuwa na alama za ndui. Wakampa Juliet, wa tamthilia ya Shakespeare ya Romeo na Juliet. Mazoezi yalichukua wiki tatu na siku chache.

Usiku wa tarehe 5 Oktoba mama yake, aliyekuwa ameshaacha jukwaa miaka mingi, alirudi ili acheze mama wa Juliet, binti asiwe peke yake. Zamu ya Fanny ilipofika, dada wa mama yake alimsukuma kutoka nyuma ya pazia. Alikimbia moja kwa moja kukatisha jukwaa. Kelele za watu zilimziba masikio, macho yakajaa ukungu, na anasimulia kwamba lile zulia la kijani lililotandikwa jukwaani lilikuwa kama linainuka kuja kumpiga miguuni. Akamkamata mama yake, akasimama pale kama mnyama aliyezingirwa. Maneno yake ya kwanza hakuna aliyeyasikia.

Halafu, kwenye onyesho la dansi, akajisahau. Kufika kwenye roshani alikuwa haogopi tena.

Kufumba na kufumbua akawa binti anayezungumzwa London nzima. Gini 30 kwa wiki. Picha yake kwenye sahani na vikombe. Ukumbi ukapumua. Na yeye, usiku baada ya usiku, akiwa amevaa hariri nyeupe, anaandika kwamba kazi hii haipendi, kwamba kujianika mbele ya watu kunamchukiza, lakini ndiyo inayolisha nyumba.

Nimeusoma usiku ule mara nyingi kuliko sura nyingine yoyote. Binti amesukumwa ili mali isipigwe mnada, na sauti iliyomtoka, akatambua siku ileile, inaweza kufanya watu elfu mbili wanyamaze.

## Nilikuwa Portia

Acha niseme kwa nini mwigizaji wa karne ya 19 ananihusu.

Kidato cha tatu nilicheza Portia kwenye Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969. Shule ya wasichana. Shailoki wetu, yule mkopeshaji anayedai kukata nyama ya mwili wa mdeni wake, alikuwa dada wa kidato cha nne mwenye sauti nzito na ndevu za masizi ya sufuria. Mimi nilivaa koti la suti la mwalimu wa jiografia, mikono imekunjwa mara tatu. Nilipofika pale Portia anapomwambia Shailoki chukua nyama yako lakini damu usimwage hata tone, ukumbi ulilipuka. Nilikuwa na miaka 16. Niliamini siku ile kwamba mwanamke akijua kusema, basi.

Fanny naye alimcheza Portia, na aliandika kwamba huyo ndiye mwanamke anayempenda kuliko wote aliowaigiza. Namwelewa. Portia anavaa nguo za wakili, anakwenda kumwongelea mtu ambaye hawezi kujiokoa, anashinda, anarudi nyumbani kabla mume hajafika.

Lakini kuna sehemu ambayo shuleni tuliipita haraka. Kabla ya mahakama, Bassanio, mchumba wake, anapochagua kasha sahihi linalompa haki ya kumwoa, Portia anampa pete, na pamoja na pete anamkabidhi kila kitu: nyumba hii, watumishi hawa, na mimi mwenyewe, vyote ni vyako.

Watumishi hawa. Na mimi mwenyewe.

Mwaka 1832 Fanny na baba yake walivuka kwenda Marekani kutafuta fedha. Huko kijana tajiri wa Philadelphia, Pierce Butler, alimfuata mji kwa mji. Wakaoana Juni 1834. Kwa sheria ya wakati ule mwanamke akiolewa mali yake, mapato yake na hata watoto atakaowazaa ni vya mume. Akaacha jukwaa kwa furaha. Fedha za Butler zilitoka wapi? Baadaye alisema wakati anaolewa hakujua.

Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Msichana aliyesoma, anayehoji kila kitu, mwenye kalamu kali kiasi cha kuwaudhi Wamarekani kwa shajara yake ya kwanza ya 1835, hakuuliza posa hii inalipwa na nini? Nimejibishana naye sana kichwani. Kisha nakumbuka kwamba nami sijawahi kumuuliza dada anamwachia nani mwanawe. Nilijua tu kwamba "ana mtoto nyumbani."

## Majaruba

Pierce na kaka yake walirithi mashamba mwaka 1836: Kisiwa cha Butler, kwenye mdomo wa mto Altamaha jimboni Georgia, penye mpunga; na pwani ya kisiwa cha St. Simons, penye pamba ya nyuzi ndefu. Pamoja na mashamba walirithi watu, mamia.

Desemba 1838 Fanny alifika huko na mabinti wawili, mmoja wa miaka mitatu, mwingine wa miezi saba. Alikaa hadi Aprili 1839. Miezi isiyozidi minne, ndiyo yote. Shajara aliiandika kama barua kwa rafiki yake wa Massachusetts, barua ambazo hakuzituma.

Mtu yeyote aliyekulia karibu na mabonde ya mpunga atakitambua kisiwa kile: ardhi iko chini ya usawa wa mto unapojaa, matuta yamezunguka pande zote, malango ya kufungulia na kuzuia maji, majaruba, matope, mbu. Fanny anatembea juu ya tuta kwa sababu hakuna pengine pa kutembea. Anajifunza kupiga kasia. Anawasikiliza wapiga makasia wanavyoimba, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia, na anaandika jambo moja lililonikaa: amesikia kwamba mabwana na wasimamizi wengi wamekataza nyimbo za huzuni. Ziruhusiwe za kuchangamsha kazi tu. Mtu ameshachukua mikono yako, miguu yako na watoto wako, na bado anaogopa wimbo.

Aliingia kwenye nyumba waliyoiita hospitali. Wanawake walikuwa wamelala chini, wengine kwenye udongo mtupu, madirisha yamezibwa, moto unatoa moshi kuliko joto, na miongoni mwao waliojifungua siku ileile. Akaanza kufungua madirisha mwenyewe na kuokota kuni. Anasema alipofika nyumbani alikuwa anatetemeka.

Alimfundisha kusoma kijana mmoja wa miaka 16, Aleck, ingawa sheria ya Georgia ilikataza. Hesabu yake inachekesha: faini ya kosa la kwanza na la pili atatozwa mume, kwa kuwa mke hana chake, wakifika kifungo wataona. Aliwalipa mshahara waliomhudumia. Aliahidi senti moja kwa kila mtoto anayelea mdogo wake akimleta mdogo huyo uso umeoshwa, na muda si muda kisiwa kizima kikawa na vichanga vinavyosuguliwa huku vikipiga mayowe.

Si malaika. Kuna kurasa anawasimulia watu weusi kwa maneno ambayo nilifunga kitabu nikaenda kuanua nguo. Sura zao, harufu zao, kicheko chake cha pembeni. Mwanamke huyohuyo, wiki hiyohiyo, anamlilia mumewe kwa ajili yao. Nilitaka achague upande mmoja nipumzike. Hachagui.

## Orodha

Sasa nifike kwenye ukurasa wenyewe.

Wanawake wa shamba walikuja kumwona, na jioni moja aliamua kuandika kila aliyekuja na alilosema. Bila kupamba. Ni kama karani wa kliniki.

Wa kwanza kwenye orodha anaitwa Fanny. Somo yake. Amezaa watoto sita, wamekufa wote isipokuwa mmoja. Anaomba kazi ya shambani ipunguzwe.

Nanny: watoto watatu, wawili wamekufa. Anaomba ile kanuni ya kurudishwa shambani wiki tatu baada ya kujifungua ibadilishwe.

Leah, mke wa Caesar: watoto sita, watatu wamekufa.

Sophy, mke wa Lewis: watoto kumi, watano wamekufa. Anaomba vitambaa chakavu. Na anaomba kipande cha nyama, akapewa.

Charlotte, mke wa Renty: mimba mbili zimeharibika, na ana nyingine.

Sarah, mke wa Stephen: mimba nne zimeharibika, watoto saba amezaa, watano wamekufa, na ana mimba tena.

Orodha inaendelea. Niliisoma kwa sauti jikoni siku ya pili, mchana, nyumba ikiwa tupu. Nilitaka kujua kinywani ina uzito gani. Juliet ana mistari zaidi ya mia tano. Sophy ana mmoja, na umebeba watu kumi.

Wiki tatu. Kwetu mzazi anakaa arobaini. Hata kwenye nyumba isiyo na kitu, mtu atapatikana wa kumkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga, na hakuna atakayethubutu kumpa jembe. Wanawake wale hawakuomba arobaini. Kilio chao kilikuwa kwamba wiki tatu zifanywe nne, siku saba za nyongeza. Fanny, ambaye alikuwa na mtoto wa miezi saba na yaya wa kumshika, alibeba siku saba zile akazipeleka kwa mume.

Wanawake wale walimwelewa kuliko alivyojielewa. Hawakujua lolote kuhusu Covent Garden. Lakini walimpa kazi ileile iliyomlisha: yashike maneno yetu, nenda mbele ya mwenye nguvu, uyaseme vizuri.

## "Usiniletee tena"

Pierce alisikiliza mara ya kwanza. Mara ya pili alikunja uso. Mwishoni mwa Februari alimwambia kwamba asimletee tena ombi lolote kutoka kwa watu wale. Wanapoteza muda wake, na yeye anaamini kila wanachomwambia.

Fanny anaandika usiku ule akiwa amechanganyikiwa. Atawaambiaje? Wakija kesho atasema nini? Anafikiria kuondoka, kwa sababu kukaa pale anatazama bila uwezo wa kufanya chochote kunamshinda. Na kila anachokula, kila anachovaa, anajua kimetoka kwenye migongo ileile.

Mimi niliongea na mume wangu Jumatano jioni, anavua viatu. Si mtu mbaya. Wasomaji wa siku nyingi mnamfahamu kwa vituko vyake vya gari bovu. Alisema, "Siku kumi ni nyingi. Wiki ijayo tutaona." Nikasema sawa.

Alhamisi dada aliniangalia wakati wa chai. Sikusema kitu. Ijumaa niligundua kwamba napanga safari zangu za jikoni kufuatana na wakati ambao yeye hayupo. Jumamosi nilimtuma mtoto wangu akanichukulie maji ya kunywa.

Niliona haya kumwambia kwamba nimesema mara moja tu, nikakubali jibu la kwanza.

Jumapili usiku nikafikia pale Fanny anapokatazwa, na kwa muda nikajisikia nafuu: tazama, hata yeye alishindwa. Halafu ikanijia kama kofi. Yeye hakuwa na senti iliyo yake kisheria. Alikuwa na gauni, saa, na vitu vidogo alivyokuwa tayari kuviuza. Mimi nina akaunti. Mshahara wangu unaingia tarehe 25. Fedha za dada zilikuwa kwenye simu yangu tangu Jumanne ile saa tatu usiku, na nilichofanya ni kuheshimu "utaratibu wa nyumba."

Najua dada si mtumwa. Ana mkataba wa mdomo, ana siku yake ya kupumzika, akiamka kesho akasema basi anaondoka na begi lake na hakuna wa kumzuia. Sifananishi. Ninachozungumzia ni pale mlangoni, na mtu anayesimama katikati akijiona mwema kwa sababu tu huwa anaombwa.

Jumatatu nilimtumia fedha. Jumanne nikamsindikiza stendi ya Mbezi. Wiki nzima ilikuwa imepita.

## Miaka 24

Hili ndilo lililoninyima usingizi hasa.

Fanny aliondoka Georgia Aprili 1839 na shajara ndani ya sanduku. Wapinga utumwa wa Marekani walijua ipo, wakamwomba waichapishe. Akakataa. Shajara ilitoka 1863.

Mwanamke aliyeandika orodha ile aliifungia miaka 24.

Kuna maelezo, na ni ya kweli. Ndoa ilivunjika polepole na vibaya. Pierce alimpa masharti ya kubaki nyumbani, moja likiwa asishughulike na wapinga utumwa. Watoto walikuwa wake Pierce kwa sheria. Mwaka 1845 Fanny alirudi Uingereza peke yake, akarejea jukwaani 1847 ili apate kula. Talaka ilitoka 1849, na mama akaruhusiwa kuwa na mabinti zake miezi miwili ya kiangazi kila mwaka, mpaka kila mmoja afikishe umri wa kujiamulia. Angechapisha, asingewaona kabisa.

Kwa hiyo alikuwa na watoto wawili upande mmoja, na upande wa pili watoto watano wa Sophy waliobaki.

Nimejaribu kumhukumu, nikashindwa. Nimejaribu kumwachia, nikashindwa vilevile. Ninaye binti mmoja. Ukiniuliza ningefanya nini najua jibu, na jibu halinipendezi.

Alichokifanya miaka ile ni kusoma. Alikaa mezani mbele ya watu, peke yake, bila mavazi ya maigizo wala mandhari, akasoma tamthilia za Shakespeare, mhusika mmoja mmoja, wazee, askari, wachawi, wajakazi, wote kwa sauti yake. Kumbi zilijaa Uingereza na Marekani. Watu walitaka tamthilia chache maarufu, lakini aliweka zamu ya tamthilia zaidi ya ishirini na kuifuata, hata zile zisizouza tiketi. Fedha zilikuwa zake sasa. Alinunua nyumba Lenox, Massachusetts.

Sauti zote zile, jioni zote zile. Sauti za wale wa orodha zilibaki sandukuni.

## Robo dola nne

Pierce alicheza kamari na kucheza na hisa. Soko lilipoanguka 1857 alikuwa ameshazama. Tarehe 2 na 3 Machi 1859, kwenye uwanja wa mbio za farasi nje ya Savannah, sehemu yake ya watu ilipigwa mnada. Orodha iliyochapishwa ilikuwa na majina 436. Mvua ilinyesha siku zote mbili. Waliouzwa waliita siku zile wakati wa kilio, na hadi leo mnada ule unatajwa kwa jina hilo.

Mwandishi wa gazeti la New York Tribune, Mortimer Thomson, aliingia akijifanya mnunuzi, kalamu na orodha mkononi kama wengine. Anamsimulia kijana Jeffrey, miaka 23, aliyekwenda kwa bwana aliyemnunua, kofia mkononi, kumsihi amnunue na Dorcas, mchumba wake. Alimnadi mwenyewe: ana nguvu, ana afya, kazi ya mpunga anaiweza vizuri. Bwana akasema ataangalia. Kesho yake ikaonekana Dorcas anauzwa pamoja na familia ya watu wanne, hauzwi peke yake. Bwana hakuhitaji wanne.

Mnada uliingiza dola 303,850. Ulipokwisha Pierce Butler alipita kati ya watu wake akiwapa mkono wa kwaheri na kumpa kila mmoja dola moja. Dola yenyewe ilikuwa sarafu mpya nne za robo dola, zinazong'aa.

Miaka thelathini kabla ya hapo binti alisukumwa jukwaani ili ukumbi usiuzwe, na haukuuzwa. Sijui niliweke wapi jambo hilo. Naliacha hapa.

## Ilipotoka

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza Marekani, Fanny alikuwa akisikia Waingereza wa tabaka lake wakiutetea Kusini, upande wa majimbo yenye watumwa. Viwanda vya nguo vimekosa pamba, magazeti yanaandika kwamba watumwa wanatunzwa vizuri. Hapo akafungua sanduku. Shajara ilichapishwa London Mei 1863, New York miezi michache baadaye. Wapo waliodai kwamba iliizuia Uingereza isiingie vitani upande wa Kusini. Nadhani ni kumpaka mafuta. Tangazo la Lincoln la kuwaacha huru watumwa lilishatoka Januari, na mambo yalikuwa yameshaanza kugeuka. Shajara ilichelewa. Nilichopata mimi kwenye kuchelewa kule ni kwamba Nanny na Sophy na Sarah wana maneno yao. Mamia wengine wa mashamba yale wamebaki ni jina na bei kwenye daftari.

Mabinti? Mkubwa, Sarah, alikuwa upande wa mama. Mdogo, aliyeitwa Frances kama mama yake, alikuwa upande wa baba. Vita ilipokwisha alirudi naye Georgia kulifufua shamba, na baba alipokufa kwa homa 1867 akaendelea nalo miaka kadhaa, kisha akaandika kitabu chake mwenyewe kuonyesha jinsi yeye alivyoyaona mambo. Mtoto yule ambaye kwa ajili yake mama alinyamaza ndiye aliyekuja kumjibu mama.

Fanny alifia London Januari 1893, miaka 83, na kuzikwa Kensal Green. Uzeeni alipenda kusimulia, na Henry James, mwandishi wa riwaya, alipenda kumsikiliza. Hadithi moja kuhusu kaka yake Fanny, aliyemchumbia msichana kwa tamaa ya urithi, James aliichukua akaitengenezea riwaya. Ndivyo alivyokuwa hadi mwisho, anatoa maneno, wengine wanayafanyia kazi.

## Sebuleni

Dada alirudi baada ya siku kumi na mbili, si kumi. Mtoto amepona, ilikuwa malaria iliyotibiwa nusunusu. Alituletea peasi mfuko mzima na viazi. Alinishukuru kwa fedha, kwa adabu ileile, mikono miwili.

Hajawahi kunitajia ile wiki ya kusubiri.

Ila kuna kitu kimebadilika, nami nimechukua muda kukiona. Siku hizi akitaka jambo haji tena jikoni. Anasubiri mume wangu amalize kula, anaondoa vyombo, anarudi, anasimama karibu na runinga na kuongea mwenyewe. Juzi nilikuwa namenya vitunguu nikamsikia.

"Baba Nuru, nina maongezi kidogo."

Runinga ikapunguzwa sauti. Aliomba nyongeza ya elfu thelathini. Alitaja bei ya sabuni, bei ya nauli, na ada ya chekechea itakayoanza Januari. Hakuharakisha. Kisha akanyamaza, akamwachia nafasi ya kujibu, na mimi jikoni nikaweka kisu chini.